Vitu vya waliozama vimo sandukuni mwa babu: niviuze?

Swali: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, nina duka dogo la vitu vya kale. Babu yangu alikuwa mvuvi. Zaidi ya miaka 40 iliyopita mashua ya abiria ilipinduka, na yeye na wenzake ndio waliofika mwanzo kuokoa watu. Alipofariki mwaka jana tulikuta sanduku chini ya kitanda chake. Ndani mna saa ya mkono ya kike iliyosimama, hirizi ya ngozi, kiatu kimoja cha mtoto, ubao wa jina wa ile mashua, na taa ya chemli aliyokwenda nayo usiku ule. Kuna mgeni mwenye nyumba Shela anayekusanya vitu vya vyombo vilivyozama. Anavitaka vyote kwa shilingi 120,000 na anasafiri Ijumaa. Baba anasema ni mali yetu kwa sababu babu alihatarisha roho yake. Bibi hataki hata kusikia habari hiyo. Paa letu linavuja. Je, nikiuza nitakuwa nimekosea?

Jibu: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Poleni kwa kufiwa na babu.

Kwanza nikwambie nilichokifanya na barua yako. Ulitaja jina la mashua, mwaka, na mtaa wa baadhi ya abiria. Nimeyaondoa yote. Miaka 40 si mingi kwa mtu aliyefiwa. Waliokuwa watoto siku ile leo ni mama na baba za watu, wanapita Usita wa Mui kila siku, na sitaki mmoja wao asome habari za kiatu cha nduguye akiwa amekaa ndani ya boti ya Mokowe na simu mkononi.

Jibu fupi ni kwamba usimuuzie mgeni huyo, si Ijumaa hii wala nyingine. Taa peke yake ndiyo inayoweza kuuzwa, na hiyo nayo si ya kuuzwa na wewe. Sasa nieleze kwa nini.

Wewe ni mfanyabiashara, basi tuanze na hesabu. Itoe ile taa kwenye hadithi yake, uiweke rafuni pako pamoja na chemli nyingine. Utaiuza elfu mbili, tatu ukibahatika. Saa ya kike isiyotembea, fundi ataichukua kwa mia chache ili apate vipuri. Ubao wa mashua uliochakaa, labda elfu tano, kwa mtu anayepamba hoteli. Hirizi haina bei. Kiatu kimoja cha mtoto kisicho na mwenzake hakuna atakayekitaka hata kwa shilingi kumi. Jumla yake haifiki elfu kumi. Mgeni anakupa 120,000. Ile laki na zaidi iliyobaki ananunua nini?

Ananunua usiku ule. Ananunua kelele za watu majini, na mama aliyesimama ufukweni hadi alfajiri. Hicho ndicho kinachotiwa bei hapa, na hicho babu yako hakukimiliki hata siku moja. Wenye nacho ni wafiwa. Ndiyo maana swali lako haliwezi kumalizwa kati yako na mnunuzi, hata mkikubaliana kwa wema mkubwa namna gani: mwenye neno la kwanza hayumo chumbani.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililikosea mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikikusanya kofia, zile za viua za hapa kwetu, zinazoshonwa kwa mkono hadi moja ichukue miezi. Mvuvi mmoja akaniletea kofia aliyoiokota baada ya dhoruba ya kusi. Dau lilikuwa limepotea na watu watatu, na kila mtu mjini alijua. Nilimpa shilingi 150, nikaiweka sebuleni kwangu ndani ya kabati la kioo. Wageni wakija nikiwaonyesha kofia zangu, ile nikiiacha ya mwisho. Nikiwaambia, hii ilivaliwa na mtu aliyechukuliwa na bahari. Walikuwa wakinyamaza wote. Nikikipenda kile kimya chao.

Ikapita miaka minane. Tukawa na harusi nyumbani, wanawake wakajaa ndani, na mmoja wao akasimama mbele ya kabati muda mrefu kuliko wenzake. Mke wangu akaniita. Yule mama aliniomba aishike. Akaipindua ndani nje, akapitisha kidole kwenye ukingo mpaka akafika mahali ambapo uzi mweupe uligeuka kuwa wa rangi ya maziwa, tofauti ndogo mno. Mimi niliyeimiliki miaka minane sikuwa nimeiona. "Uzi ulinishia mwezi wa mfungo mosi," akasema, "nikasema nitafumua nitie mwingine." Kisha akainua macho akaniuliza, "Ulikuwa ukiwaambia nini wageni?"

Sikuwa na la kumjibu. Mumewe hakupatikana. Kitu pekee cha mumewe kilichorudi nchi kavu kilikuwa kwangu, ndani ya kioo, hatua chache kutoka nyumbani kwake, na mimi nikikitumia kuwanyamazisha wageni. Aliifunga kwenye upindo wa kanga yake akaondoka nayo. Hakunidai chochote, na hilo ndilo lililonikaa zaidi.

Tangu siku hiyo, kitu kikiletwa kwangu nauliza kwanza kama kuna mtu hai anayekitafuta. Thamani yake inangoja.

Sasa tuingie kwenye hoja ya baba yako. Usibishane naye kwa kutumia jina langu, lakini hoja yake haisimami. Sheria ya bahari, ile ya mataifa yote, inamtambua anayeokoa chombo au shehena ya mtu, na inampa ujira kutoka kwa mwenye mali. Inampa ujira tu; mali hubaki ya mwenyewe. Na kwa kuokoa roho za watu, sheria hiyo ya kale haikuweka malipo kabisa, kwa kuwa ilihesabiwa wajibu wa kila baharia. Babu yako alitimiza wajibu huo usiku, baharini, kwa chemli. Heshima yake ni kubwa kuliko vitu vile.

Na dini yetu imelisema jambo la kitu cha kuokota waziwazi. Mimi si sheikh, na kwa hukumu kamili uende kwa wanaojua, lakini hadithi yenyewe ni mashuhuri: Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kilichookotwa, aliamuru aliyekiokota ajue vyema chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze mwaka mzima. Asipotokea mtu anaweza kukitumia, ila kinabaki kama amana, mwenyewe akija siku yoyote apewe. Na hicho ni kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Cha mtu aliyekufa na warithi wake wanajulikana hakina hata hilo la kutangazwa: ni mirathi ya watu.

Mtazame babu mwenyewe alivyofanya. Alikuwa mvuvi, kusi likivuma njaa alikuwa akiionja kama wenzake, na miaka yote hiyo hakuuza hata kimoja. Ubao ungeweza kuwa kuni, hakuuchoma. Mtu anayeweka vitu namna hiyo chini ya kitanda chake amejifanya mwekaji amana. Huenda aliwatafuta wenyewe akawakosa. Huenda alifika mlangoni akashindwa kubisha hodi, na sina wa kumlaumu kwa hilo.

Nikichukua kimoja kimoja, naanza na hirizi kwa kuwa ndiyo inayonitia wasiwasi. Usiifungue. Najua ukiwa na kisu kidogo mkononi na mnunuzi mbele yako, kishawishi ni kikubwa, maana iliyofunguliwa ikaonekana maandishi hupanda bei. Hirizi nyingi za pwani ndani yake huandikwa jina la anayeivaa pamoja na jina la mama yake. Huenda basi una jina la mtu aliyezama usiku ule, limeshonewa ndani ya ngozi, na hakuna aliyelisoma tangu siku hiyo. Huo mlango si wa kufunguliwa dukani. Mpelekee mwalimu mnayemwamini, akiwepo mzee mmoja wa mtaa, na akiona inafaa kufunguliwa aifungue yeye. Likitoka jina, hapo umeshapata nyumba ya kwanza ya kwenda.

Kiatu hakiuzwi. Mengine nayaeleza kwa sababu, hili silielezi.

Saa ina nafasi nzuri ya kutambuliwa, hasa kama nyuma kuna maandishi au alama ya fundi. Usiitie ufunguo kuona kama itatembea, wala usimpe mtu aifungue. Saa zilizosimama zina bei ya kipekee kwa wakusanyaji kwa sababu mikono yake inaonyesha dakika ile. Kwa aliyefiwa, dakika ile ndiyo pengine jambo la pekee ambalo hakuwahi kulijua, na yeye ndiye wa kuamua kama anataka kulijua.

Ubao wa jina ni wa mwenye mashua au warithi wake. Kama watakubali, na familia za abiria zikaridhia, huo ningependa uonekane na watu: kwenye makumbusho ya hapa ukingoni mwa bahari, au hata msikitini mwa mtaa waliotoka wengi wao, majina ya waliofariki yakiwa yameandikwa chini yake na jina la babu na wenzake waliokwenda kuokoa. Mji unahitaji vitu kama hivyo. Abiria wanaopanda leo chombo kilichojaa kupita kiasi, kusi limepamba moto na hakuna jaketi la kujiokolea hata moja, wangepita hapo wausome.

Kwa kuwa una duka, lazima ujue na upande wa sheria ya nchi. Vya babu havifiki huko, lakini siku moja utaletewa vinavyofika. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 (makavazi hapa ni makumbusho) inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Anayekivumbua anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi, kuvifanyia biashara kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mvuvi akikuletea kigae chenye chokaa ya matumbawe au kipande cha shaba kizito "nilichokitoa chini", usitie mkono mfukoni. Mpeleke anakostahili kwenda.

Mfano uko karibu nasi. Mwaka 2013 huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, yalitambuliwa mabaki ya meli ya Kireno ya karne ya 16 kwenye maji ya kina kifupi, yakiwa na vipande vya shaba na pembe za ndovu. Wako watafiti wanaoona huenda ikawa São Jorge, meli ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama mwaka 1524, ingawa halijathibitika. Hiyo nayo ilikuwa maafa, walikuwamo watu. Lakini hakuna tena mama anayewangoja. Kilichobaki pale ni maarifa, na maarifa yenyewe yamo katika jinsi vitu vilivyolala: shaba imekaa wapi, pembe zimekaa wapi, mbao za ubavu zimeinamia upande gani. Kipande kimoja kikiinuliwa usiku kikauzwa Malindi mjini kinakuwa pande la shaba tu, na meli imepungukiwa na neno ambalo halitasomeka tena. Ndiyo maana mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji, unaohusu vitu vilivyokaa majini miaka 100 na zaidi, unakataza kuviuza kibiashara, na unataka kwanza kufikiriwe kuviacha mahali vilipo.

Kuna wanaoiona ile miaka 100 ya mkataba, au 1895 ya sheria yetu, wakadhani ndiyo kipimo cha majonzi: chini ya hapo ni msiba, juu ya hapo ni biashara. Sikubaliani nao. Mwaka ni wa mahakama. Msiba unahesabiwa kwa watu waliobaki. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 walikufa watu 272, na Mombasa utakutana na jamaa zao sokoni. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, haikuinuliwa, na imo baharini na watu wake. Kwa Wapemba lile ni kaburi lisilo na kibao. Kitu chochote kitakachotoka mle kimetoka kaburini, hata kama ni kijiko.

Umesikia bila shaka habari za Titanic, maana wanaokusanya vitu vya vyombo vilivyozama karibu wote walianzia hapo, na sitashangaa kama mgeni wako naye ni hivyo. Ilizama tarehe 15 Aprili 1912, wakafa watu wapatao 1,500. Mabaki yalipopatikana mwaka 1985, Robert Ballard, mmoja wa walioongoza msafara ule, hakuchukua kitu. Waliokuja baadaye waliinua maelfu ya vitu, na mahakama ya Marekani ikawawekea sharti kwamba mkusanyiko usitawanywe ukauzwa kimoja kimoja. Vingine, vilivyopatikana juu ya maiti au kubaki na manusura, viliingia mnadani. Mwaka 2013 fidla ya Wallace Hartley, kiongozi wa wanamuziki waliopiga hadi meli inazama, iliuzwa Uingereza kwa pauni 900,000. Sasa tia na hili: mwaka ule ule wa ajali, baba wa mwanamuziki mwingine wa bendi hiyo alipelekewa barua na wakala aliyewaajiri, ikimdai pesa za sare aliyovaa mwanawe. Mtoto amekufa, baba anapelekewa ankara ya vifungo. Baada ya miaka 101 chombo cha mwenzake kinanunuliwa kwa bei ya nyumba kadhaa. Fedha zote hizo zilikuwapo duniani. Hazikuwafikia waliozihitaji, wala wakati walipozihitaji.

Lakini Titanic hiyo hiyo ina habari nyingine, nakuletea kwa sababu ya paa lako. Millvina Dean alikuwa abiria mdogo kuliko wote, mtoto wa wiki tisa. Baba yake alizama. Aliishi hadi Mei 2009, manusura wa mwisho. Mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 96, aliuza vitu vyake vya ajali ile, pamoja na sanduku la nguo ambalo watu wa New York waliipa familia yake baada ya kuokolewa, ili alipie makao ya wazee alimokuwa akitunzwa. Nani atamnyooshea kidole? Aliuza kilicho chake, cha msiba wake, kwa haja yake. Sioni doa. Kwa hiyo sisemi kwamba pesa ikigusa kitu cha maafa kinakuwa najisi. Yeye alikuwa na haki ya kutia bei. Mimi na kofia yangu sikuwa nayo.

Hapo ndipo taa inapokuja. Kama kweli ilikuwa ya babu, aliinunua yeye na alikwenda nayo yeye, basi ni urithi wake, na hadithi yake ni ya kwenu kuisimulia: hadithi ya mvuvi aliyeacha kitanda chake usiku. Lakini urithi una wenyewe. Bibi ana thumuni yake kwa kuwa marehemu ameacha watoto, kisha wanawe, pamoja na shangazi zako walioolewa nje ya Lamu msiowauliza. Wewe mjukuu, baba yako akiwa hai, humo kwenye mirathi hiyo. Wakikubaliana wote kuiuza ili paa liezekwe, iuzeni na mkono wenu hautatetemeka. Andikeni karatasi yenye jina la babu na alichokifanya, iende na taa. Idadi ya waliokufa msiiandike kama kitu cha kuongeza bei.

Kuna jingine linalokuhusu kama mwenye duka. Bei ikishajulikana, haikai na kitu kimoja. Waulize Wagiriama wa nyuma ya Malindi kuhusu vigango. Kigango ni mbao iliyochongwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, husimamishwa ili roho yake ipate makao, na haitakiwi kung'olewa. Miaka ya sabini na themanini wakusanyaji wa Marekani walivipenda, madalali wakaanza kulipa, na vijana wa vijiji vile vile wakaanza kung'oa usiku vya babu zao wenyewe. Mzee mmoja alipigwa picha na mtafiti mwaka 1985 akiwa na vigango vya ndugu zake wawili, na muda mfupi baadaye vikaibiwa. Picha ile ndiyo iliyosaidia kuvitambua: kimoja kilikuwa kwenye makumbusho ya jimbo la Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia. Vilirejeshwa Kenya mnamo 2006 na 2007. Mzee alikuwa ameshafariki. Na jamii ile iliamini kwamba kung'olewa kwake ndiko kulikowaletea ukame na maradhi, kwa hiyo kwao walioiba kumbukumbu ya msiba walizaa msiba mwingine.

Ukiuza Ijumaa, wiki ijayo mji mzima utajua kuwa kiatu cha mtoto aliyezama kina soko. Utaletewa saa zilizosimama kutoka kila upande, nyingi zikiwa zimesimamishwa jana. Na chombo kitakapozama tena, Mungu atuepushe, yuko kijana atakayefika kwenye maji akitazama mizigo kabla ya kutazama watu. Hilo ndilo ninalolihofia kuliko yote, kuliko hata hayo ya haki ya mali.

Mgeni wako simjui na simtukani. Wako wakusanyaji wenye adabu, wengine wametunza vitu ambavyo sisi tungeviacha vioze. Mwambie tu kwamba vitu vina wenyewe na unawatafuta. Mwenye adabu atasema, vizuri, nisaidie vipi, na huenda akachangia hata kuvihifadhi. Anayekujibu kwa kupandisha bei kwa sababu ndege inaondoka, umeshamjua.

Kisha nikurudishe kwa bibi. Umemwandikia sentensi moja tu katika barua nzima, kwamba hataki kusikia. Umemuuliza kwa nini? Aliishi na sanduku lile chini ya kitanda chake yeye pia. Alifagia karibu nalo miaka 40. Nadhani anajua saa ni ya nani na kiatu ni cha nani, na anajua babu alikwenda wapi akarudi bila kubisha hodi. Kaa naye baada ya alasiri, usiwe na kalamu wala simu siku ya kwanza, usitaje mgeni wala Ijumaa. Siku ya pili au ya tatu, akiridhia, mrekodi. Hiyo sauti ina thamani kuliko vyote vilivyomo sandukuni, na yeye hatungoji.

Ukishapata majina, usirushe picha WhatsApp wala Facebook kuuliza "nani anakitambua hiki". Najua ndiyo njia ya haraka. Kwa njia hiyo mama wa miaka 70 atakiona kiatu cha mwanawe kwenye simu ya jirani, katikati ya matangazo ya mitumba. Pitia kwa imamu wa mtaa wao, yeye amwandae mtu mmoja wa familia, mtu mzima asiyekuwa wa karibu sana na msiba. Uende wewe na baba yako. Mpeleke habari kwanza bila vitu: babu yetu aliviweka, tungependa kujua mnatakaje. Wengine watavitaka siku hiyo hiyo. Wengine watasema viwekeni, hatutaki kuviona. Wengine watasema vizikwe. Yote ni majibu, na kila moja linafuatwa kama lilivyotolewa. Ikiwa familia yenyewe itasema saa iuzwe, pesa ni zao, na wewe dalali uchukue haki yako ya udalali kwa uwazi kama kwa kitu chochote.

Wakati huo huo vitunze. Chumvi ya bahari haimaliziki ndani ya kitu, hunyonya unyevu wa hewa yetu ikaendelea kula chuma na ngozi. Usivitie kwenye mfuko wa nailoni, vitafanya kuvu. Nunua marekani, ile nguo isiyotiwa rangi, ifue kwa maji matupu mpaka dawa ya kiwandani itoke, ikauke vizuri, uvifunge kila kimoja mbali na mwenzake ndani ya sanduku linalopitisha hewa, mbali na jua na mbali na dari linalovuja. Ubao usiupake mafuta wala vanishi hata ukiona umepauka, wala usiuloweke maji sasa ukiwa umekwisha kauka. Kiatu usikisugue. Mchanga uliomo, uache humo.

Ijumaa mwache mgeni asafiri. Jumamosi baada ya alasiri mimi huwa nyumbani, mlango uko wazi. Njoo na baba yako, mje na taa tuiangalie kama inafaa kuuzwa na kwa bei gani, na ile hirizi kama ilivyo. Kiatu kibaki na bibi.